Mtandao Unapotelea Wapi? Kutafuta Kinachozuia Mawimbi Nyumbani, Kwenye Paa na Jikoni

Mimi ni fundi wa mtandao, na mara nyingi naitwa na mtu ambaye ameshatumia pesa. Amenunua rauta ya pili, amebadilisha laini, ameongeza kifurushi, na bado video inagandaganda chumbani. Nikifika kwake, iwe Kasese mjini, Hima au Bwera, huku magharibi mwa Uganda, mkoba wa vifaa naacha umefungwa kwanza. Natazama kuta, paa, milango, tangi la maji, na kila kilichosimama kati ya mnara na simu. Nyumba nyingi nilizoitwa, vyombo vilikuwa vizima kabisa. Naandika haya ili mtu ajikague mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Simu, Wi-Fi, dishi la televisheni na maikrowevu ya jikoni vinatumia mawimbi ya ukoo mmoja, yanayotofautiana kwa urefu. Simu zetu hutumia masafa kati ya megahezi 800 na 2600 hivi, yaani wimbi la sentimita 37 hadi chini kidogo ya 12. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5, ile ya gigahezi 5 ina sentimita 6 hivi. Maikrowevu ya jikoni iko kwenye gigahezi 2.45, mlango wa pili na Wi-Fi. Dishi hupokea kwenye gigahezi 10.7 hadi 12.75, na wimbi lake ni sentimita 2.5 tu. Shika namba hizi, tutazirudia.

Wimbi likikutana na chuma, elektroni za chuma, ambazo hutembea huru, hutikisika nalo na kulirudisha lilikotoka. Likikutana na maji, hukuta molekuli zenye upande chanya na upande hasi. Zinajaribu kugeuka kulifuata, zinasuguana na jirani zao, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Likikutana na mbao kavu, plastiki, nguo, kioo cha kawaida au tofali kavu, hupita huku likipungua kidogo. Kwa hiyo kila kizuizi ninachokikuta nakiuliza maswali mawili: una chuma? Una maji?

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1888, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alikunja mabati ya zinki yakawa vioo vya kuakisi mawimbi yenye urefu wa sentimita 66 hivi. Aliona kwamba kioo hicho kinayakusanya na kuyaelekeza, kwamba karatasi ya chuma inayakata, na kwamba yanapita kwenye mlango wa mbao uliofungwa. Bati letu la kuezekea limepakwa zinki hiyohiyo. Kila nikisimama chini ya paa la bati namkumbuka.

Anza kwa kusoma namba

Vijiti vya mtandao juu ya skrini vinadanganya. Kwenye simu nyingi za Android ingia mipangilio, kisha sehemu inayohusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kama namba hasi. Ikikaribia sifuri ni nzuri zaidi. Kwa Wi-Fi, pakua programu yoyote ya bure inayopima mawimbi: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kwa video, hasi 80 na kushuka ni shida.

Namba hizo ni desibeli, na hesabu yake ni rahisi. Zikipungua 3, nusu ya nguvu imekwenda. Zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Zikipungua 20, imebaki moja ya mia. Simama upande mmoja wa kitu unachokishuku, soma, vuka upande wa pili, soma tena. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi wako, na ina nguvu kuliko maneno ya fundi yeyote, mimi nikiwamo.

Dalili: nje simu inashika vizuri, ndani haishiki

Anza na bati. Nyumba ya mabati kuanzia kuta hadi paa ni sanduku la chuma, na mawimbi huingia kwa mlango na madirisha tu. Vyumba vya kupanga, vile ndugu zetu wa Kampala wanavyoviita muzigo, mara nyingi vina mlango mmoja wa chuma na dirisha moja dogo la chuma. Funga mlango, namba inaporomoka. Ufungue, inapanda. Ukiona hivyo, umeshapata jibu bila kulipa shilingi.

Watu huniuliza kama bati jembamba la geji 32 lina nafuu kuliko la geji 28. Halina. Kwa masafa haya mkondo wa umeme hutembea kwenye ngozi ya juu tu ya chuma, yenye unene ulio chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Hata karatasi ya alumini ya kufungia chakula inatosha kulizuia wimbi. Na hapo ndipo wengi wanapojikwaa siku hizi: wanaweka chini ya bati ile foili inayong'aa ya kuzuia joto, nyumba inapoa kweli, kisha mtandao unatoweka. Karatasi inayorudisha joto la jua ni chuma, na chuma hakichagui.

Kwa nyumba yenye kuta za matofali na paa la bati, tazama mnara uko wapi. Kwenye tambarare ya kuelekea Ziwa George mawimbi huja kwa ubavu, yakapita dirishani na ukutani, na paa haliyagusi sana. Lakini bondeni Kilembe, au popote chini ya mteremko wa Rwenzori ambako mnara umesimama juu ya kilima, mawimbi yanashuka kutoka juu na kulipiga paa. Humo nyumba mbili zilizojengwa kwa vifaa vilevile zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa, kwa sababu tu dirisha la moja linatazama kilima na la nyingine limekipa mgongo.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya hata mafundi: nondo za dirishani. Wavu wa chuma hulizuia wimbi iwapo tundu zake ni ndogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi hilo, na kadiri zinavyozidi kuwa ndogo ndivyo unavyozidi kuwa kama ukuta mzima. Chukua grili yenye miraba ya sentimita 12. Wimbi la megahezi 900 lina sentimita 33. Nusu yake ni 16 na ushee, hivyo linapata tabu kupenya. La megahezi 1800 lina sentimita 17 hivi, nusu yake ni kama 8, nalo linapita kwa wepesi. Kwenye ukuta wa matofali mambo hugeuka: hapo masafa ya juu ndiyo yanayopungua zaidi. Basi ukiona simu iliyofungwa kwenye mtandao wa zamani wa megahezi 900 inahangaika dirishani huku ya 4G ya masafa ya juu ikienda vizuri, usilaumu simu. Hesabu miraba.

Tiba? Kama unajenga, acha angalau dirisha moja upande wa mnara, lenye fremu ya mbao au miraba mipana, na usilifunike kwa kioo chenye utando wa chuma wa kukata jua. Vioo vile vya maofisi mapya vinaweza kula desibeli 20 na zaidi. Kama nyumba imeshasimama, weka antena ya nje yenye waya unaoingia ndani kwenye rauta ya laini. Sikushauri kununua kikuza mawimbi cha mitaani kisichoidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Kinaweza kupiga kelele kwenye masafa ya mnara na kuwaharibia mtandao majirani ambao hawajui kosa lao ni nini.

Dalili: Wi-Fi ni nzuri saa fulani, mbaya saa nyingine

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni. Mwenyewe alikuwa amechoka.

"Fundi, asubuhi wageni wa vyumba vya nyuma wananilalamikia. Mchana wakirudi, intaneti ni nzuri. Usiku inaanza tena."

"Mama, asubuhi kunakuwa na nini ambacho mchana hakipo?"

"Hakuna kitu, baba. Ni wageni walewale."

Nilizunguka nyuma. Kati ya ofisi yenye rauta na safu ya vyumba kulikuwa na tangi jeusi la plastiki la lita nyingi, juu ya stendi fupi, usawa uleule wa rauta. Pampu ilikuwa inalijaza usiku. Asubuhi wageni wanaoga, wafuaji wanafua, na ikifika alasiri tangi karibu tupu. Plastiki tupu haina neno na wimbi. Maji ni habari nyingine: kwa gigahezi 2.4, sentimita 2 tu za maji humeza zaidi ya nusu ya nguvu. Tangi lenye kipenyo cha mita moja ni ukuta usiopenyeka. Tuliisogeza rauta upande wa pili wa ofisi na kuipandisha juu ya fremu ya mlango. Malalamiko yakaisha siku hiyo, kwa gharama ya waya wa mita nane na misumari.

Tangu hapo, mtu akiniambia tatizo linakuja na kuondoka, namuuliza habari za maji. Ukumbi wa ibada ukijaa Jumapili, Wi-Fi inadhoofika hata kama hakuna anayeitumia, kwa sababu mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Rauta ikipandishwa juu ya vichwa hali hubadilika. Shamba la migomba kati ya nyumba na duka ni kizuizi kikubwa kuliko watu wanavyodhani: shina la mgomba likikatwa unaona maji yanavyotiririka, na majani yake mapana yaliyolowa ni mapazia ya maji. Ukuta uliopigwa plasta juzi hunyonya hadi ukauke, na ndiyo maana nyumba mpya wakati mwingine huwa na Wi-Fi mbovu kisha ikapona yenyewe baada ya miezi kadhaa. Usihamishe chochote kabla haijakauka.

Kama tatizo halibadiliki kwa saa, tafuta chuma kilichosimama tuli: friji, kabati la chuma, televisheni kubwa, hata kioo cha kujitazamia, maana nyuma yake kuna tabaka la madini. Ukuta mmoja wa tofali la kuchoma unakula desibeli chache tu. Nguzo au sakafu ya zege yenye nondo inaweza kula 10 hadi 20, na gigahezi 5 huumia zaidi. Rauta iliyofichwa ndani ya kabati ili wezi wasiione imefichwa na wateja pia.

Dalili: dishi linapoteza picha

Kwanza tenganisha hali mbili. Picha ikipotea mvua kubwa inaponyesha na kurudi ikikatika, hiyo ni mvua yenyewe. Ikipotea na isirudi baada ya anga kusafika, kuna kilichosogea au kilichoingia maji.

Tone kubwa la mvua lina milimita 5 hivi. Mbele ya wimbi la simu la sentimita 33 tone hilo si kitu, na ndiyo maana simu hupiga katikati ya mvua. Mbele ya wimbi la dishi la milimita 25, matone elfu kwa elfu hunyonya na kutawanya. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, hata hivyo, tuna bahati moja. Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, na ile ya nyuzi 36 mashariki, ukiitazama kutoka Kasese, iko kwenye mwinuko wa nyuzi 83 hivi, karibu utosini. Wimbi lake linapita kwenye mvua kwa njia fupi kabisa. Na juu kabisa mawinguni, ambako maji yameganda, halipati taabu: molekuli zilizofungwa kwenye barafu haziwezi kugeuka ovyo, hivyo barafu hunyonya kidogo sana. Theluji ile ile tunayoiona kwenye vilele vya Rwenzori asubuhi ingekuwa maji, ingekuwa ukuta.

Hapa kuna kosa ninalolikuta kila mara. Dishi zetu nyingi zina mkono unaotoka chini, umebeba LNB mbele, kile kichwa kinachopokea mawimbi yaliyokusanywa na dishi. Dishi la aina hii hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha, kwa nyuzi 20 na ushee. Mwenye nyumba anaona uso umeelekea juu ya mwembe wa jirani, wanagombana, mwembe unakatwa, na picha hairudi. Kumbe kilichokuwa kinazuia ni tawi la mparachichi lililotanda juu ya paa lake mwenyewe, ambalo hakulishuku kwa sababu lilionekana liko nyuma ya utosi wa dishi. Kabla ya kukata mti wa mtu, simama kwenye dishi utazame karibu juu moja kwa moja, ukielekea satelaiti yako. Ile ya nyuzi 7 mashariki, ukiitazama kutoka Kasese, iko upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa nyuzi 63 hivi.

Halafu kagua kwa mkono. Dishi lililobonyea sentimita moja limepoteza umbo kwa karibu nusu ya wimbi, na mawimbi yanayorudi yanauana yenyewe kwa yenyewe. Kutu ya juujuu na vumbi havina madhara makubwa. Rangi ya kawaida pia haina neno, ila usipake rangi yenye unga wa chuma kwenye kifuniko cha LNB. Kifuniko hicho kikipasuka, maji na nyigu huingia. Fungua kiungo cha waya utazame kama kuna kijani cha kutu ya shaba. Kama kila kitu ni kizima na mvua tu ndiyo inayokusumbua, dishi la sentimita 90 badala ya 60 hukusanya nguvu zaidi ya mara mbili, na nyongeza hiyo inaokoa mvua za wastani. Ile mvua ya Aprili inayofunga barabara, isubiri ipite.

Dalili: maikrowevu ikiwashwa, Wi-Fi inakufa

Jirani wa gigahezi 2.45 ameanza kuimba kwa wati mia kadhaa. Rauta yako inatuma kwa sehemu ya kumi ya wati, na simu inasikiliza mnong'ono ulio mdogo kuliko huo kwa mamilioni. Uvujaji mdogo sana, ulio ndani ya kiwango kinachokubalika, unatosha kuvuruga. Kiwango cha usalama kinachotumika sehemu nyingi ni miliwati 5 kwa kila sentimita mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Kwa hiyo Wi-Fi kukatika peke yake si ushahidi kwamba mashine inakuunguza. Hamia gigahezi 5, au weka mita kadhaa kati yake na rauta.

Kuna jaribio linalosambazwa sana: weka simu ndani ya maikrowevu iliyozimwa, ipigie, ikilia mashine inavuja. Tafadhali usiliamini. Mlango wa maikrowevu hauzuii kwa kugusana kwa chuma peke yake. Pembeni una mfereji wenye kina cha sentimita 3 hivi, robo ya urefu wa wimbi lake, uliopimwa kukata gigahezi 2.45. Wimbi la simu la megahezi 900 halihusiki na kipimo hicho na linaweza kupenya. Wavu ulio kwenye kioo ni mzima, tundu zake ni za milimita moja au mbili mbele ya wimbi la sentimita 12. Cha kukagua ni hiki: mlango umepinda? Bawaba zimelegea? Kuna kutu iliyotoboa, au kioo kimepasuka na wavu umeraruka? Ukiona kimojawapo, usiitumie.

Na usiifungue mwenyewe. Ndani kuna kapasita, kifaa cha kutunza umeme, inayobaki na volti elfu kadhaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Inaua.

Dalili: cheche, sahani ya moto, chakula baridi katikati

Cheche hutoka kwenye chuma chembamba au chenye ncha: uma, ukingo wa dhahabu kwenye kikombe cha harusi, foili iliyokunjwakunjwa iliyokuja na kuku wa barabarani. Jani la mgomba halina shida, luombo, kile chakula kinachopikwa kimefungwa kwenye jani la mgomba, unaweza kuipasha ndani ya jani lake. Kama hakuna chuma na cheche bado zipo, tazama ubavuni ndani: kile kikaratasi kigumu cha maika kimeshika mafuta yakaungua. Kifute, kama kimetoboka, kibadilishwe.

Sahani ikiwa moto na chakula baridi, sahani ndiyo inayonyonya. Ipime: weka sahani tupu pamoja na kikombe cha maji, washa dakika moja. Maji yakipata joto na sahani ikabaki baridi, inafaa. Sahani za melamini na vyungu visivyopakwa vizuri, vinavyokunywa maji, hufeli.

Ubaridi wa katikati una sababu mbili. Mawimbi yanayoakisiwa na kuta za chuma hukutana na kujenga sehemu za moto na baridi, zikipishana kwa sentimita 6 au pungufu, ndiyo maana sahani huzungushwa. Na nyama iliyoganda ina barafu isiyonyonya. Kona moja ikiyeyuka tu, maji yake yananyonya kila kitu na kona hiyo inaiva huku katikati ni jiwe. Tumia nguvu ndogo, simamisha, iache itulie dakika chache, endelea.

Dalili: kiungo kati ya majengo mawili kinadhoofika polepole

Shule nyingi za milimani hupokea intaneti kwa antena mbili zinazotazamana. Walimu huniambia, "Tunaonana nao kabisa, hakuna kitu katikati." Jicho linahitaji mstari, wimbi linahitaji nafasi nene. Kwa gigahezi 5 na umbali wa kilomita 10, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu-kipenyo cha mita 12, na angalau asilimia 60 yake lazima iwe wazi. Mikaratusi iliyopandwa chini ya mstari miaka mitatu iliyopita imeingia ndani yake bila kumkinga mtu macho. Kiungo kinachovuka maji, kama ule mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, kina tatizo la pili: uso wa maji tulivu huakisi, na wimbi la pili linafika limechelewa na kufuta la kwanza. Hapo kupandisha mlingoti kwa nguvu zote kunaweza kuharibu zaidi. Jaribu kuushusha au kuusogeza nyuma mita chache, ili ukingo wa nchi kavu uukate mwakisiko, huku mwenzako akisoma namba upande wa pili.